Rejista Saba za Shule Iliyofungwa: Uchambuzi wa Kisa cha Jumuiya Moja ya Dar es Salaam

Kisa hiki kinahusu jumuiya ya wanawake waliosoma katika shule moja ndogo ya sekondari ya wasichana hapa Dar es Salaam, iliyoendeshwa na masista kwa miaka mingi na ambayo sasa haipo. Sitaitaja shule wala shirika la masista, kwa sababu wengi wanaoguswa na kisa hiki wako hai, na baadhi ya mambo nitakayoyaeleza yaliandikwa kuwahusu bila wao kuulizwa. Mimi mwenyewe nilisoma hapo, na nimekuwa katibu wa jumuiya kwa vipindi viwili, kwa hiyo siandiki kama mtu aliyesimama pembeni. Naandika kwa kirefu kwa sababu zipo jumuiya nyingine zitakazojikuta tulipojikuta sisi, yaani zimebaki na jina la shule lakini shule yenyewe hakuna.

Mtu akisikia habari ya shule ya Kanisa iliyopotea, kwanza hufikiria utaifishaji, na si ajabu. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, Serikali ilichukua shule nyingi zilizokuwa mikononi mwa mashirika ya dini, na wazee wa jiji hili bado wanazitaja kwa majina mawili, la zamani na la baadaye. St. Francis' College ya Pugu, alikofundisha Mwalimu Nyerere kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 ili aishughulikie TANU, na alikosoma Benjamin Mkapa, ikawa Shule ya Sekondari ya Pugu. St. Joseph's Convent, jirani na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaja kujulikana kama Forodhani. Shule hizo zilibadili mmiliki, na uchungu wa waliosoma humo naufahamu, lakini kengele iliendelea kulia na watoto waliendelea kupanga mistari asubuhi. Mzee aliyesoma Pugu enzi za mapadre anaweza kwenda leo akamwonyesha mjukuu wake madarasa yakiwa na wanafunzi ndani. Kwetu geti lina kufuli. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha kila kitu kilichofuata, kwa kuwa shule iliyobadili mmiliki huendelea kuzaa wanafunzi wa zamani kila mwaka, ilhali shule iliyofungwa imekwisha kumtoa wa mwisho.

Sababu za kufungwa hazikuwa za siri. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulieneza shule za kata, na kuanzia Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, wazazi hawakulipa tena ada katika shule za Serikali hadi kidato cha nne. Kwa nchi hilo lilikuwa jambo jema, na sitaki lisomeke vinginevyo. Lakini shule ndogo ya masista, isiyo na basi wala maabara ya kisasa, ilijikuta imebanwa: huku shule zisizo na ada, kule shule kubwa za binafsi zilizokuwa zikiwavuta wazazi wenye uwezo. Nalo shirika lilikuwa na masista wachache wa kupangiwa ualimu. Waliamua katika vikao vyao, wakamjulisha Askofu, na wanafunzi waliosalia wakahamishiwa shule nyingine. Sisi tulipata habari baada ya uamuzi, na hilo liliwaumiza baadhi yetu kuliko uamuzi wenyewe.

Jumuiya ilikuwepo kabla ya hapo. Ilianza kama chama cha kufa na kuzikana, kina mama kumi na kitu wakichangiana kwenye misiba na harusi, kisha ikasajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, ikawa na katiba, mwenyekiti, mhasibu na akaunti ya benki yenye watia saini watatu. Habari za kufungwa zilipotufikia, simu hazikulala. Wapo waliotaka tukusanye fedha tuinunue shule, wapo waliotaka twende mahakamani, na wapo waliotaka tuanzishe shule mpya mahali pengine kwa jina lilelile.

Mwanachama mmoja ambaye ni wakili alituweka sawa bila kutuvunja moyo, na maelezo yake nayarudia kwa sababu jumuiya nyingine zitayahitaji. Kiwanja na majengo ni mali ya wadhamini waliosajiliwa wa shirika, na aliyesoma mahali hapati kwa kusoma tu haki yoyote ya kumiliki. Kuhusu jina, Sheria ya Kanisa, kanuni ya 803, inasema hakuna shule itakayojiita ya Kikatoliki bila ridhaa ya mamlaka husika ya Kanisa, na kanuni ya 300 inasema hivyohivyo kuhusu chama cha waamini. Kwa hiyo tungeweza kuwa watu waliosoma shule ya Kikatoliki, lakini hatukuweza kuwa shule ya Kikatoliki. Wazo la kununua lilififia, na mahali pake likaingia wazo la jiwe la kumbukumbu, lijengwe kwa marumaru karibu na geti, likiwa na jina la shule na miaka yake. Tulichanga. Kwa karibu mwaka mzima ajenda ya kila mkutano ilikuwa jiwe.

Wakati tukijadili rangi ya marumaru, Sista aliyekuwa mkuu wa shule wa mwisho alinipigia simu akasema, "Mwanangu, njooni mchukue vitu vyenu, mimi nahama mwisho wa mwezi." Tulikuta masanduku mawili ya bati kwenye kibaraza. Ndani yake mlikuwa na picha za mahafali, kombe moja la netiboli, madaftari ya kwaya, na rejista saba za uandikishaji, tangu siku ambazo shule ilikuwa bado darasa la ushonaji na maarifa ya nyumbani hadi mwanafunzi wa mwisho. Tulifurahia picha, tukapiga nazo picha nyingine kwa simu, kisha tukayapeleka masanduku kwenye banda la gari la mwanachama mmoja huko Chang'ombe, na kuyaacha sakafuni. Hiyo ilikuwa Februari.

Mwenye kuijua Dar es Salaam anajua kinachofuata Februari. Masika iliposhuka mwezi wa Machi, maji yaliingia bandani usiku mmoja yakafika kwenye vifundo vya miguu. Tulipofungua sanduku la chini, rejista ya pili na ya tatu zilikuwa zimevimba kama mikate. Kurasa zilishikana, wino wa bluu ulitapakaa hadi majina mawili yakawa doa moja, na kwenye kona mchwa walikwisha kuchora njia zao. Kosa hilo lilikuwa letu, na kwa sehemu kubwa langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyetia saini ya kupokea. Nalieleza kwa sababu kisa hiki kilianza kugeuka hapo. Mama mmoja wa miaka sabini na zaidi, aliyekuwa wa kwanza kudai jiwe, aliichukua rejista ya pili mikononi, akatafuta ukurasa wake, na alipokuta doa mahali pa jina lake aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa na kulia. Hakuna aliyetaja marumaru siku hiyo.

Tuliziokoa kwa maelekezo ya mtu aliyewahi kufanya kazi ya kutunza nyaraka. Alitukataza kuzianika juani, maana jua hukunja karatasi na kufifisha wino, akatukataza selotepu, ambayo gundi yake hugeuka kahawia na kula karatasi, na akatukataza kabisa kuzipitisha kwenye mashine ya plastiki, kwa kuwa karatasi ikishafunikwa hivyo haitoki salama tena. Tulizisimamisha wima ndani ya chumba chenye feni, kurasa zikiwa zimeachanishwa kwa karatasi nyeupe za kunyonya maji, ambazo tulizibadilisha asubuhi na jioni kwa siku kumi na moja. Zilipokauka tulizipiga picha ukurasa kwa ukurasa karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera, na kila picha tukaipa namba ya rejista na ya ukurasa badala ya namba inayotolewa na simu. Fedha za jiwe zilinunua kabati la chuma, na kwa kauli ya mkutano mkuu kabati hilo linakaa juu ya matofali, futi moja kutoka sakafuni.

Tulidhani tumehifadhi kumbukumbu, yaani kitu cha kutazama siku ya sherehe. Haukupita muda akaja ofisini kwangu mama wa Mbagala, na bahasha yake ameifunga ndani ya kipande cha khanga. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Alizaliwa nyumbani, kama wengi wa rika lake, na sasa mambo yake kadhaa yalikuwa yamesimama kwa kukosa ushahidi wa tarehe. RITA, wakala wa Serikali wa usajili, husajili kizazi kilichochelewa chini ya Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, lakini huhitaji vielelezo, na miongoni mwa vinavyokubalika ni cheti cha ubatizo na cha kumaliza shule. Cheti chake cha shule kilikwisha kuungua pamoja na nyumba, na shule aliyoambiwa aende ikathibitishe haikuwepo. Tulifungua rejista ya nne. Jina lake lilikuwepo, na jina la baba, kijiji, tarehe ya kuzaliwa, parokia alikobatizwa na tarehe ya kuingia, yote kwa mwandiko mmoja ulioinama kidogo kulia. Kwa kuwa kila parokia inapaswa kutunza vitabu vya ubatizo, tulimwelekeza kwenye parokia ile akarudi na nakala, na tarehe zililingana. Kutoka hapo aliweza kuendelea. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba tulichobeba kutoka kwenye kile kibaraza hakikuwa mabaki ya shule. Kilikuwa sehemu ya shule iliyokuwa bado inafanya kazi.

Wengine wakafuata. Matokeo ya mitihani ya taifa hayatuhusu, maana hayo yako Baraza la Mitihani, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na ya kabla ya hapo yana njia zake. Lakini wako wengi ambao hawakufika kwenye mtihani, na hao hakuna baraza linalowajua. Walikaa mwaka mmoja au miwili na mahali pekee palipoandikwa kwamba walikuwepo ni katika rejista zile.

Hapo tukagongana na safu ya saba. Kila ukurasa una safu saba, na ya mwisho imeandikwa "Sababu ya kuondoka". Nyingi zinasema amehitimu, au amehama na wazazi. Moja inasema, "amerudi nyumbani kumuuguza mama". Nyingine, tena si chache, zinasema kwa neno moja: mimba. Palipo na neno hilo mwandishi alipiga mstari kwa rula chini ya jina zima, wino ukiwa mzito kuliko kwingine, kama mtu aliyebonyeza kalamu. Nilimjua Sista aliyeandika, na alikuwa mwema kwetu. Kanuni zilikuwa hivyo katika shule zote, za Serikali na za dini, na ni kwa Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 ambapo wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwemo, walifunguliwa mlango wa kurudi katika mfumo rasmi. Kwa wanawake wa rejista zetu mlango huo ulifunguliwa wakiwa bibi.

Mmoja wao aliniandikia. Alisikia kwa jirani kwamba jumuiya inawasaidia waliosoma pale, akataka kujiunga. Hakutaka msaada wowote. Alitaka awe analipa ada ya uanachama kama wenzake na aje kwenye misa ya kuwaombea masista marehemu, kwa sababu mmoja wao ndiye aliyemfundisha kushona, na kwa ushonaji aliwasomesha watoto wanne. Nilifungua katiba yetu. Ibara ya uanachama ilisema mwanachama ni "mhitimu" wa shule. Nilimjibu kwa heshima kwamba nitalifikisha suala lake kwenye kamati, na nililala vibaya usiku ule.

Mkutano uliofuata ulifanyika katika ukumbi wa parokia baada ya misa ya pili, na ndio mrefu kuliko yote niliyowahi kuandikia muhtasari. Waliopinga hawakuwa watu wabaya, na hoja zao zilistahili kusikilizwa. Walisema shule ilisimamia maadili, na kwamba kufuta tofauti kati ya aliyevumilia hadi mwisho na aliyeondolewa ni kuidhalilisha shule isiyoweza tena kujitetea. Mwingine aliuliza kama tunataka kuwahukumu masista waliokufa. Waliounga mkono walitaja mambo ya kidunia zaidi: kwamba hatuna wahitimu wapya, kwamba katika miaka kumi tumezika wanachama wengi kuliko tuliowapokea, na kwamba jumuiya ya wahitimu wa shule iliyofungwa ina tarehe yake ya kufa hata kama hakuna anayeijua. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini naona haikutosha, kwa kuwa ingetufanya tuwakaribishe wenzetu kwa sababu tu tumepungukiwa.

Hoja iliyonishawishi mimi ilitolewa na yule mama aliyelia bandani. Alisimama kwa shida, akasema jina lake halisomeki tena kwenye rejista ya pili, lakini la yule binti wa mimba linasomeka vizuri kwenye ya tano, tena limepigiwa mstari. "Nikitakiwa leo kuthibitisha nani alisoma pale, yeye ana ushahidi kunishinda. Sasa mnamtoa yeye mnanibakiza mimi kwa kipimo gani?" Ukumbi ulinyamaza. Tulipiga kura, na kwa wingi uliotosha kubadili katiba, neno "mhitimu" likaondolewa, mahali pake pakaandikwa "aliyeandikishwa na kusoma". Wanachama watatu walijiuzulu, na mmoja wao amerudi.

Maoni yangu, baada ya kuyapitia haya yote, ni kwamba tulichelewa kuuliza swali sahihi. Tulijiuliza tufanye nini ili shule isisahaulike, nasi tukafikiria marumaru. Shule yenyewe kila Januari ilifanya kazi moja kabla ya nyingine zote: ilimwandika mtoto jina, la kwake na la baba yake, na ikajifunga kumjua. Ahadi hiyo haikukoma geti lilipofungwa, na masista walipotukabidhi masanduku walitukabidhi na ahadi. Mambo mengine tunayofanya naona ni mazuri lakini si ya lazima. Mfuko wetu wa kusomesha wasichana, kwa mfano, ilibidi tuubadilishe tangu ada za kidato cha tano na sita katika shule za Serikali zilipofutwa mwaka 2022, na sasa unalipia godoro, sare na nauli za wasichana wa vyuo vya ufundi. Ukifungwa kesho, mifuko mingine itakuwepo. Rejista hakuna mwingine aliye nazo.

Limebaki suala gumu la nani azisome na ziende wapi sisi tukiisha. Picha za kurasa ziko kwenye diski mbili zinazotunzwa nyumba mbili tofauti, na wanachama vijana, wale wa kidato cha mwisho kabisa, walitaka ziwekwe mtandaoni ili kila mtu atafute jina lake. Wakili wetu aliwakumbusha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Hata bila sheria, naamini hakuna anayepaswa kuisoma safu ya saba ya mwenzake kwenye simu ndani ya daladala. Tumekubaliana kwamba mtu atafunguliwa mstari wake tu, au wa mzazi wake aliyefariki akileta uthibitisho, na kwamba safu ya saba haitanakiliwa kwenye barua yoyote ya utambulisho. Tunazungumza na shirika pamoja na jimbo ili rejista zenyewe zihifadhiwe katika nyaraka za jimbo kwa masharti hayohayo yaliyoandikwa, kabla kundi letu halijapungua kiasi cha kukosa watia saini watatu.

Mwanachama yule mpya alikuja ofisini wiki mbili baada ya kura. Aliomba kuuona mstari wake. Nilimfungulia rejista ya tano, nikafunika majina ya juu na ya chini kwa karatasi, akasoma polepole na kidole akikipitisha juu ya ule mstari wa rula. Nilimwambia kamati iko tayari kulifunika neno lile kwa kipande cha karatasi asipotaka lionekane. Alikataa. Alisema liache, ni kweli, ila si yote. Tulikuwa tumeshanunua daftari gumu la nane, la kurasa tupu, kwa ajili ya wanachama wanaotaka kuandika wenyewe kilichofuata baada ya kuondoka kwao, nikamsogezea. Aliandika nusu ukurasa, jina la mwalimu wake wa kushona, cherehani ya kwanza aliyonunua, watoto wanne na kazi zao. Alipomaliza alilitazama, akaona mistari ya mwisho imepanda juu kidogo, akaniuliza kama nina rula.